Prosesa, joto la Malindi na soketi iliyotoweka

Leo naomba niweke kando mambo ya kuandika programu niwasimulie historia kidogo. Ni historia ya mchezo ambao wengi wa rika langu tuliucheza: kuchukua laptopu kuukuu (kipakatalishi, kwa wale waliofundishwa Kiswahili sanifu), kuifungua, na kuilazimisha iende mbio kuliko ilivyoandikiwa kiwandani. Wenzetu wana jina lao la mchezo huu. Mimi nitauita kuikimbiza prosesa, maana haukosani na kumkimbiza punda. Atakwenda, lakini ujue jua ni kali na mzigo ni wako.

Tuanze na msingi ili tusiachane njiani. Ndani ya kompyuta kuna kipande cha fuwele kinachopiga mapigo kama ngoma, na prosesa hucheza kwa kufuata mapigo hayo. Mapigo milioni moja kwa sekunde tunaita MHz 1, bilioni moja tunaita GHz 1. Ukiharakisha ngoma, mchezaji naye hana budi aharakishe miguu. Swali ni moja tu: atachoka lini? Na kuchoka kwa prosesa ni joto. Shikeni hilo neno joto, tutalirudia sana.

Mchezo huu si wa jana. Agosti 1984 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta iliyoitwa PC AT, yenye prosesa ya Intel 80286 iliyokwenda kwa MHz 6. Watu wadadisi wakaifungua, wakakuta fuwele ya MHz 12, ambayo mapigo yake yaligawanywa kwa mbili kabla ya kutumika. Zaidi ya hapo fuwele yenyewe ilikuwa imechomekwa tu, haikulehemiwa. Basi wakaichomoa, wakaweka ya MHz 16 iliyouzwa kwa bei ndogo, na kompyuta ikaenda kwa MHz 8. Theluthi moja ya kasi zaidi kwa kubadilisha kitu kidogo tu! IBM hawakufurahi. Katika matoleo ya baadaye waliweka ukaguzi ndani ya bayosi, ile programu ndogo inayoamka kwanza unapowasha mashine. Ikiona kasi si ile ya kiwandani, inakataa kuendelea. Halafu mwaka 1986 wao wenyewe wakatoa AT ya MHz 8.

Kwa nini jambo hili liliwezekana? Kwa sababu ya namna prosesa zinavyotengenezwa. Kiwanda hakina mashine ya kutengeneza prosesa za polepole na nyingine ya kutengeneza za mbio. Zote hutoka kwenye sahani moja ya silikoni, kama vile maandazi ya karai moja. Baadaye hupimwa moja moja. Iliyostahimili kasi kubwa inaandikwa namba kubwa na kuuzwa ghali, iliyoshindwa inaandikwa namba ndogo. Lakini wateja wengi wanataka za bei rahisi, kwa hiyo nyingine nzuri kabisa huandikwa namba ndogo ili soko litoshelezwe. Mfano unaokumbukwa zaidi ni Celeron 300A ya mwaka 1998. Iliandikwa MHz 300, yaani mapigo ya MHz 66 mara nne na nusu. Watu wakabadilisha mapigo yakawa MHz 100, nyingi zikaenda kwa MHz 450 bila wasiwasi. Mtu alinunua prosesa ya maskini akapata ya tajiri.

Hayo ni ya kompyuta za mezani, zenye kasha kubwa na feni ya kutosha. Laptopu ni habari nyingine: kila kitu kimebanwa pamoja kama abiria wa matatu ya Mombasa siku ya mkesha wa Idi. Hata hivyo Machi 2003 Intel walileta Pentium M, prosesa iliyoundwa makusudi kwa laptopu na timu yao ya Haifa, Israel. Ilikuwa tulivu na haikula umeme mwingi, na ilikaa kwenye soketi, maana yake ungeweza kuichomoa. Mwaka uliofuata likaja toleo la pili, na wadadisi wakagundua kwamba prosesa inaiambia bodi kuu kasi ya mapigo inayotaka kupitia pini zake chache. Ukizidanganya pini hizo kwa kiwaya chembamba kama unywele, bodi inatoa mapigo makubwa zaidi. Kwa njia hiyo Pentium M ya GHz 1.7 ilifika GHz 2.26. Mbinu hiyohiyo ikaendelea kwa kizazi cha Core 2 Duo, na hapo ndipo mimi nilipoingia uwanjani.

Mwaka 2011 Mwitaliano mmoja alikuwa anafunga nyumba yake hapa Malindi arudi kwao, anauza kila kitu, kuanzia vitanda mpaka sufuria. Nikanunua laptopu yake. Kwa msiojua, Malindi na Waitaliano ni hadithi ya tangu miaka ya 1960, walipokuja kurusha roketi kule Ngomeni. Nitarudi huko. Laptopu yenyewe ilikuwa ya mwaka 2007, prosesa Core 2 Duo T5450 ya GHz 1.66, na kibodi yake ilikuwa ya Kitaliano. Mwandika programu yeyote atanionea huruma: kwenye kibodi hiyo mabano ya mawimbi hayana kitufe chake, lazima ubonyeze vitufe vitatu kwa pamoja. Niliibadilisha ndani ya mashine ijidai ni ya Kiingereza, nikawa naandika kwa kukumbuka, bila kutazama vidole.

Wakati huo mambo yalikuwa yamefunguka Pwani. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilikuwa zimefika Mombasa, na kijana wa Malindi angeweza kufanya kazi ya mteja aliye popote bila kuhamia Nairobi. Kikwazo kilichobaki ni mashine. Nilikuwa najifunza kuandika programu za simu za Android, na ile programu ya kuigiza simu ndani ya kompyuta ilikuwa nzito ajabu. Unaiwasha, unakwenda kunywa chai na mahamri, unarudi bado inawaka.

Basi Julai mwaka ule, kusi linavuma vizuri, nikafungua laptopu juu ya meza ya mama ya kulia. Nikaitoa prosesa, nikaunganisha pini moja na ardhi kwa kiwaya nilichokitoa kwenye spika mbovu, nikairudisha. Moyo unadunda. Nikawasha. Ikawaka! Mapigo yalikuwa yametoka MHz 166 hadi 200, na kwa kuwa prosesa ile huzidisha kwa kumi, GHz 1.66 ikawa GHz 2.0. Asilimia 20 ya bure. Kazi ya dakika 10 ikawa ya dakika 8 na kitu. Nilijiona mhandisi. Nilimwonyesha kila aliyepita, hata muuza samaki.

Ilikwenda hivyo mpaka kusi likaisha. Likaja kaskazi, na Februari 2012 ikafika. Anayeijua Malindi ya Februari na Machi hahitaji kuelezwa. Mchana hewa ni ya nyuzi 31 au 32, unyevu umejaa, ukuta wenyewe unatoa jasho. Nilikuwa na kazi ya hoteli moja ya Watamu, mfumo wa kuweka nafasi za vyumba, na siku ya kukabidhi ilikuwa kesho yake. Saa nane mchana laptopu ikazima ghafla. Nikaiwasha, ikazima tena. Mara ya tatu ilipowaka, hifadhidata ilikuwa imeharibika, na nakala yangu ya mwisho ilikuwa ya siku tatu nyuma. Sikuweza kukabidhi. Mteja akampa mtu mwingine kazi, na nusu ya malipo niliyokuwa nimekwisha kuipangia matumizi, ada ya mdogo wangu ikiwemo, ikapotea. Asante ya punda ni mateke, na mimi ndiye niliyempakia.

Hapa hesabu ni rahisi, na ningeifanya mapema ningepona. Feni ya laptopu haitengenezi ubaridi. Inachukua hewa ya chumbani na kuipitisha kwenye shaba ya moto. Kwa hiyo joto la prosesa ni joto la chumba ukijumlisha joto la kazi. Chukulia kazi fulani inaipandisha prosesa nyuzi 65 juu ya chumba. Kwenye chumba cha London chenye nyuzi 20 itakuwa na nyuzi 85. Kwangu, kwenye nyuzi 32, itakuwa na 97. Na prosesa za kizazi kile zilijilinda zikikaribia nyuzi 100: kwanza zinapunguza kasi, na joto likizidi, zinazima kabisa. Zile nyuzi 12 kati ya London na Malindi ndizo nafasi yote ambayo wale wadadisi wa Ulaya walikuwa wanaichezea. Mimi sikuwa nayo tangu mwanzo, nilikuwa nimeazimwa na kusi.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja karibu na soko, mzee wa redio na televisheni tangu enzi za kanda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Imekufa?"

Akaifungua taratibu. Akanionyesha feni: vumbi limegandamana na unyevu wa bahari mpaka limekuwa kama sufi ya godoro. Shaba ya kupozea ilikuwa imeanza kuota rangi ya kijani kwa chumvi. Ile pasta nyeupe ya kupitisha joto kati ya prosesa na shaba ilikuwa imekauka kama chokaa. Halafu akakiona kiwaya changu.

"Na huu?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akavua miwani. "Mwanangu, huyu hawezi kupumua, nawe unamwambia akimbie?"

Akasafisha, akapaka pasta mpya, akaniambia nirudi kila kaskazi inapoanza. Pwani yetu ni ya chumvi. Kule Gongoni, kaskazini ya Mambrui, kuna mashamba makubwa ya kuvunia chumvi ya bahari, na upepo uleule unaokausha chumvi ile unaingia kwenye matundu ya laptopu zetu. Fundi yule hakuwahi kusoma karatasi ya kiwanda cha prosesa, lakini alijua jambo ambalo halimo humo: namba iliyoandikwa juu ya prosesa imeandikwa kwa ajili ya mashine safi.

Kiwaya nikakitoa. Badala ya kumkimbiza punda, nikaamua kubadilisha punda. Hapa ndipo soketi iliponiokoa. Soketi ya laptopu za wakati ule ina skrubu moja pembeni. Unaizungusha nusu duara kwa bisibisi bapa, prosesa inaachia, unainyanyua kwa vidole. Nikaagiza T9300 iliyotumika kutoka Nairobi, ikaja kwa basi ndani ya kisanduku cha plastiki. Kabla ya hapo nilihakikisha mambo matatu: kwamba soketi ni ileile, kwamba bodi kuu inakubali mapigo yake, na kwamba bayosi inaifahamu. Bayosi nililazimika kuisasisha kwanza, tena betri ikiwa imejaa, kwa sababu stima ikipotea katikati ya kazi hiyo mashine inageuka kuwa sinia.

T9300 ilitoka Januari 2008. Inakwenda kwa GHz 2.5 na ina kumbukumbu ya ndani ya megabaiti 6, wakati T5450 ina 2. Lakini kitu kikubwa zaidi ni kwamba vijenzi vyake vilitengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 45 badala ya 65, kwa hiyo kwa kazi ileile inakula umeme mdogo zaidi. Ikawa ina kasi kuliko ile niliyoifunga kiwaya, na bado kwenye meza yangu ilikuwa ya baridi zaidi. Nikaongeza programu ya kupunguza volti. Hii nayo ina hesabu yake: joto linakwenda na kasi, lakini linakwenda na volti mara mbili, yaani volti mara volti. Ukipunguza volti kwa asilimia 10, unabaki na 0.9 mara 0.9, sawa na 0.81. Umeokoa asilimia 19 ya joto bila kupoteza kasi hata chembe. Mashine ile ilinilisha mpaka 2017, kisha nikampa mpwa wangu aliyekuwa anaanza Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi. Miaka kumi tangu itoke kiwandani, kibodi ya Kitaliano na yote.

Sasa turudi Ngomeni, kama nilivyoahidi. Kilomita kama 30 kaskazini ya Malindi kuna kituo cha anga cha Waitaliano ambacho sasa kina jina la Luigi Broglio, mwanasayansi aliyekianzisha. Kati ya 1967 na 1988 walirusha roketi kutoka kwenye majukwaa yaliyosimama baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, waliirusha setilaiti ya Marekani ikaitwa Uhuru, ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Roketi zilikoma, lakini masikio ya kituo yalibaki. Novemba 2004 Marekani ilirusha setilaiti nyingine, Swift, kutoka Florida, na kituo kilichochaguliwa kupokea data zake ni hiki cha kwetu. Kwa zaidi ya miaka 20 ilipita juu na kushusha mzigo wake Malindi.

Na ndani ya Swift mna prosesa gani? RAD6000, ambayo kasi yake haizidi MHz 33. Soma tena: si GHz, ni MHz, na ni 33. Prosesa ya aina hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya Opportunity, kile kigari kilichotua Mirihi Januari 2004. Kilipangiwa siku 90, kikafanya kazi mpaka 2018. Wahandisi wale hawakukosa pesa ya prosesa ya mbio. Walitaka itakayostahimili miale ya anga na isiyokula umeme mwingi mahali ambapo hakuna fundi wa kuifungua. Nilipolisoma hilo niliona haya kidogo. Nilikuwa nimefunga kiwaya kwenye prosesa yenye kasi mara hamsini ya ile, halafu nikaiua kwa vumbi, wakati juu ya paa langu ilikuwa inapita ya MHz 33 inachungulia milipuko ya nyota.

Tuje kwenye mwisho wa historia hii, na mwisho wake haunifurahishi. Mwaka 2008 Apple walionyesha laptopu nyembamba iliyotolewa ndani ya bahasha, na prosesa yake ilikuwa imelehemiwa kwenye bodi. Mwaka 2011 Intel nao wakaanza kampeni ya laptopu nyembamba. Soketi ina kimo chake, milimita chache tu, lakini wembamba ukishakuwa ndio urembo, milimita ni nyingi. Kizazi cha 2013, kinachoitwa Haswell, ndicho cha mwisho cha Intel cha laptopu kuwa na soketi. Kilichofuata kililehemiwa chote. Ukiacha mashine chache nene zilizotumia prosesa za mezani, tangu hapo prosesa uliyonunua ndiyo utakayozikwa nayo.

Kwa wanaonunua mpya dukani na kuitupa baada ya miaka mitatu, hakuna kilichopotea. Lakini sisi wa laptopu za ex-UK tumepoteza kitu. Sisi hatuchagui prosesa. Tunachagua kilichobaki baada ya wengine kuchagua. Soketi ilikuwa mlango wetu wa nyuma: unanunua bodi ya bei ya chini leo, na pesa ikipatikana unaweka prosesa bora. Mwezi uliopita kijana mmoja wa Mtwapa aliniletea laptopu yake, anasoma uandishi wa programu, anataka nimbadilishie prosesa kama alivyosikia nilibadilisha yangu. Nikaifungua, nikamwonyesha: imelehemiwa. Sikupenda ule uso wake.

Lakini sikumwacha aende mikono mitupu, na nanyi sitaki muende hivyo. Tangu 2008 Intel waliweka ndani ya prosesa zao ufundi wa kujikimbiza zenyewe. Prosesa ya leo inapanda kasi yenyewe kadiri inavyoweza, na inashuka yenyewe joto likizidi. Maana yake ni kwamba mchezo wetu haukufa, umehamia kwenye feni. Hapa Pwani, ukisafisha feni na kubadilisha pasta, prosesa inapata nafasi ya kupanda na kubaki juu. Ndivyo tulivyofanya na yule kijana. Tulitoa vumbi la kujaza kiganja, tukapaka pasta, tukaweka diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka, tukaongeza memori kwa sababu bahati nzuri hiyo bado ilikuwa ya kuchomeka. Prosesa ni ileile, lakini kabla ya hapo ilikuwa inashuka kila baada ya dakika chache, na sasa inakaa kwenye kasi yake alasiri nzima.

Kwa hiyo unaponunua laptopu kuukuu, usiulize GHz ngapi peke yake. Uliza kama memori inachomoka, kama diski inachomoka, na kama kifuniko kinafunguka kwa bisibisi ya kawaida kuifikia feni. Uisafishe kila kaskazi inapoanza, na uweke nakala ya kazi yako kila jioni, hata kama mashine haijawahi kukuzimikia.

Yule mzee fundi bado yupo. Siku hizi ananitoza shilingi mia tano, na kila nikimpelekea mashine ananiuliza kwanza kama nimefunga waya wowote humo ndani.

Kwa leo naishia hapa, stima inacheza cheza na betri yangu si ya kuaminika. Tukijaaliwa, tutaonana tena.